Kwanini jambo likitutoka mikononi ndo tunaanza kuona ishara kila mahali?

Bahari_Tulivu

Habari zenu wakuu. Hili jambo limenikaa kichwani miezi kadhaa sasa, naomba niliseme hapa maana sidhani kama ni mimi peke yangu.

Mwaka jana mdogo wangu alilazwa ICU siku 19. Mapafu yalizidiwa wakamuweka kwenye mashine ya kupumulia, sisi ndugu tukawa watu wa kuingia kwa zamu na kukaa kimya. Mle ndani kulikuwa na viti viwili, kimoja dirishani na kingine karibu na mlango, na juu ya kitanda ile monita inayoonyesha oksijeni. Siku ya nne nilikaa dirishani nikaona namba inapanda toka 86 mpaka 93. Kesho yake nikakaa cha mlangoni, ikashuka. Keshokutwa nikarudi dirishani, ikapanda tena. Basi imekwisha hiyo, kuanzia siku ile sikukalia kiti kingine.

Naomba mnielewe, mi kazi yangu ni uhasibu, nakagua namba za watu kuanzia asubuhi mpaka jioni, na nuksi sijui kisirani sijawahi kuviamini hata nilipokuwa mdogo. Lakini mle ndani nilikuwa naamini kiti. Alafu mambo yakaongezeka, nikaona nikiingia na mguu wa kulia kunakuwa na afadhali, nikaona lifti ikifunguka kabla sijahesabu saba basi siku hiyo itakuwa nzuri, nikaanza kukumbuka siku zenye tarehe shufwa na zisizo shufwa. Yani kichwa kilikuwa hakilali, kinaunganisha tu kila kitu na kila kitu.

Siku ya 11 nikamkuta mama amekaa dirishani. Namba ilikuwa 88. Nikamwambia mama naomba uinuke hapo, akauliza kuna nini, nikamwambia inuka tu, kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mama yangu tangu nizaliwe. Akainuka. Hakusema kitu, akaenda kusimama ukutani.

Mdogo wangu alipona, anatembea, namshukuru Mungu. Ila mi nikabaki najiuliza nilikuwa nani kwa zile siku 19. Nikaanza kusoma soma nikakutana na utafiti wa Jennifer Whitson na Adam Galinsky, ulitoka mwaka 2008 kwenye jarida la Science. Walichofanya ni hivi, waliwapa watu fumbo kwenye kompyuta, kundi moja wakawa wanaambiwa umepata au umekosa bila uhusiano wowote na majibu yao, yani jitahidi usijitahidi ni sawasawa tu. Baada ya hapo wakawaonyesha picha 24 za chengachenga kama zile za TV isiyo na antena. Nusu zilikuwa na kitu ndani yake kweli, kama kiti au mtumbwi, nusu hazina kitu kabisa. Zenye kitu wote waliona vizuri tu. Lakini zile tupu, waliovurugwa kwenye fumbo ndo walioona vitu kwa wingi, wanaona maumbo ambayo hayapo.

Nilivyosoma hapo nikasimama nikazunguka chumba. Mi nilikuwa naona kiti kwenye chengachenga.

Swali langu wakuu: huu ni udhaifu wa mtu, au ndivyo tulivyoumbwa? Na kuna aliyewahi kutoka humo kabla mambo hayajatulia yenyewe?

---

Hesabu_Ndogo

Mkuu Bahari pole sana, na hongera kwa mdogo wako kutoka.

Mi nafundisha takwimu, nikueleze kiti chako kilichokuwa kinafanya. Oksijeni ya mgonjwa kama yule haitulii, inapanda inashuka kuzunguka wastani fulani. Ikiwa chini sana leo, hata usipofanya kitu kuna uwezekano mkubwa kipimo kinachofuata kiwe juu kidogo, kwa sababu tu chini sana ni pahali ambapo haikai kwa kawaida. Sasa we unahama kiti lini? Unahama namba ikiwa mbaya. Ukihama, inapanda, kiti kinapata sifa. Mwanasaikolojia Daniel Kahneman alikutana na hili kwa walimu wa marubani wa jeshi la Israel, walimwambia rubani ukimsifia akirusha vizuri kesho anaharibu, ukimfokea akiharibu kesho anafanya vizuri, kwahiyo kufoka kunasaidia. Kumbe kufoka hakukuwa na kazi yoyote pale, aliyefanya vibaya kupita kawaida yake anarudi kwenye kawaida yake, na aliyefanya vizuri kupita kawaida naye vilevile.

La pili ni kwamba sisi binadamu hatujui sura ya nasibu. Tunadhani nasibu imesambaa vizuri kama mbegu zilizopandwa kwa kamba, wakati nasibu yenyewe ina mafungumafungu. Rusha sarafu mara 100, uwezekano wa kukuta mahali imeanguka upande mmoja mara 5 mfululizo ni zaidi ya asilimia 90. Ila mwambie mtu akuandikie matokeo 100 ya kubuni kichwani, ataogopa kuandika huo mfululizo, ataona unafanana na uongo. Spotify walielezea mwaka 2014 kwamba walibadilisha namna ya kuchanganya nyimbo kwa sababu watu walikuwa wanalalamika haichanganyi, wakati ilikuwa inachanganya haswa, ndo maana nyimbo mbili za msanii mmoja zilikuwa zinafuatana.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa London vita vya pili. 1944 Wajerumani wanarusha yale mabomu ya V-1 yanayoruka yenyewe bila rubani, watu wanatazama ramani wanaona kuna mitaa inapigwa mara kwa mara na mingine haiguswi, wakasema lazima wasioguswa wana majasusi wao pale. Na waliosema hivyo hawakuwa wajinga, walikuwa watu wanaolala wasijue kama wataamka. Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu za bima, R. D. Clarke, akachukua eneo la kusini mwa London la kilomita za mraba 144, akalikata viboksi 576 vya robo kilomita ya mraba. Mabomu yaliyoanguka humo yalikuwa 537. Akahesabu: viboksi 229 havikupata bomu hata moja, 211 vilipata moja, 93 mawili, 35 matatu, 7 manne, na kimoja kilipata zaidi ya hapo. Alafu akaweka fomula ya Poisson ambayo inasema kama mabomu yanaanguka ovyo bila kulenga mtaa, viboksi vitupu vinatakiwa viwe karibu 227. Vilikuwa 229! Huwa nikifika hapo darasani nanyamaza kidogo. Watu wale waliona adui mwenye hesabu kali, kumbe ilikuwa mvua ya chuma isiyojua jina la mtaa.

---

Roho_Juu

Nimesoma hii comment mara mbili mbili.

Mi naomba nichangie kutoka upande wa kubeti maana huko nimekaa miaka minne na nimetoka. Watu hudhani anayebeti sana ni mtu mwenye tamaa, sikatai wapo, lakini mi niliyaona haya ya mleta uzi kwa macho yangu. Nilipokuwa na kazi nilikuwa nabeti wikiendi kujifurahisha, nikipoteza naendelea na maisha. Kazi ilipoisha ndo nikawa na daftari. Timu hii ikicheza ugenini baada ya droo inafungwa, refa huyu akiwepo kuna penati, mechi za saa fulani hazina goli kipindi cha kwanza. Kurasa na kurasa. Na nilikuwa naona kabisa, yani sio najifanya, nilikuwa NAONA.

Ukiniuliza leo nitakwambia sikuwa natafuta hela kwenye lile daftari. Nilikuwa natuma maombi ya kazi hakuna anayejibu, siwezi kulazimisha mtu ajibu, siwezi kujua wanataka nini, lakini daftari lilikuwa linanijibu. Kila jioni linanipa jibu hata kama ni jibu la kuchana mkeka.

Kuna stori ya kasino ya Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, kimpira cha ruleti kiliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walipoteza hela nyingi sana sio kwa sababu waliifuata nyeusi, waliikimbia, kila ikitoka nyeusi wanasema sasa zamu ya nyekundu imefika. Kile kimpira hakikumbuki kilipotoka. Mi nilikuwa najua hii stori miaka yote niliyokuwa nabeti, niliwahi hata kuwasimulia wenzangu, na haikunizuia siku moja. Ndo maana nawaambia kujua peke yake hakutoshi.

---

Nesi_wa_Usiku

Kaka Bahari, nimefanya kazi ICU miaka mingi. Hicho kiti nakijua. Kila familia ina kiti chake.

Kuna baba alikuwa anagusa kitasa cha mlango mara mbili kila akitoka. Kuna dada mmoja alikuwa hataki nitumie kalamu nyekundu kwenye karatasi ya mgonjwa wake, na mi nikawa naficha ile kalamu mfukoni, sikuona sababu ya kubishana naye saa nane usiku mumewe akiwa vile. Hawa walikuwa watu wenye akili timamu kabisa na elimu zao.

Nilichokiona mimi, na hii nasema kwa uzoefu wa kazini tu, ni kwamba wanaozama sana huko ni wale tuliowaambia kaa pale usiguse chochote. Ukimpa ndugu kazi anabadilika. Mpake mafuta midomoni imekauka. Mnyooshe vidole. Shika hili daftari uandike kila siku nini kimetokea, akiamka atakuja kusoma maana hatakumbuka kitu, kuna ICU nyingi duniani zinafanya hivyo siku hizi. Hizo ni kazi za kweli, zinamsaidia mgonjwa kweli, na yule ndugu anaacha kuitolea macho monita dakika kwa dakika.

Hata kwa wagonjwa wenyewe, kuna ile pampu ya dawa ya maumivu ambayo mgonjwa anabonyeza kitufe mwenyewe, imefungwa kipimo asipitilize. Ukiwa na kile kitufe mkononi maumivu yanavumilika tofauti kuliko kusubiri nesi apite.

Najilaumu kwamba tulikuwa na viti viwili na hatukuwa na kazi ya kuwapa watu kama wewe. Sio wodi uliyokuwepo, nasema sisi wote wa kazi hii.

---

Bahari_Tulivu

Dada Nesi umeniliza. Hakuna aliyeniambia nimpake mafuta. Ningempaka mwili mzima.

---

Mwalimu_Taratibu

Naomba niingie kwa upande mwingine kidogo, sio kwa kubisha machungu ya mleta uzi, ni kwa heshima ya ukweli maana naona tunaujenga uzi wote juu ya utafiti mmoja.

Ule wa 2008 ulipata umaarufu mkubwa lakini wengine walipojaribu kuurudia mambo hayakwenda hivyo. Michiel van Elk na Paul Lodder mwaka 2018 walitoa mfululizo wa majaribio, wakajaribu njia mbalimbali za kumfanya mtu ajihisi hana uwezo juu ya jambo, na kuona mipangilio isiyokuwepo hakukuongezeka. Kwenye imani za njama pia, yani kuamini kuna watu wanapanga mambo kwa siri, Ana Stojanov na Jamin Halberstadt 2020 walikusanya matokeo ya tafiti nyingi pamoja, wakakuta kwa ujumla ushahidi ni dhaifu. Kwahiyo ukisema sayansi imethibitisha, hapana, bado.

Hata yale majaribio ya mwanasaikolojia B. F. Skinner mwaka 1948, wengi mmeyasikia, njiwa wenye njaa wanaletewa chakula kila baada ya sekunde 15 hata wafanye nini, na 6 kati ya 8 wakaanza vitendo vyao, mmoja anazunguka, mwingine anapeleka kichwa kwenye kona ya juu, Skinner akasema hii ndo mizizi ya imani za nuksi. Mwaka 1971 Staddon na Simmelhag walirudia kwa umakini wakaona vingi ni vitendo vya kawaida vya njiwa anayesubiri chakula, sio kwamba ameamini kuzunguka kunaleta punje.

Tuwe makini. Jambo likifanana sana na maisha yetu ndo tunalikubali haraka kuliko yote, na huko nako ni kuona mpangilio.

---

Hesabu_Ndogo

Mwalimu heshima yako, nakubaliana na wewe kwenye hizo tafiti zote. Ila angalia kitu kimoja. Maabara wanachoweza kumnyang'anya mtu ni nini? Dakika kumi za kompyuta kumwambia umekosa. Anajua kabisa akitoka pale anaenda kula, maisha yake yako palepale. Huwezi kimaadili kumuweka mtu siku 19 mlangoni kwa ndugu yake mahututi ili upime ataona nini kwenye chengachenga.

Nje ya maabara kuna mengine. Giora Keinan aliwahoji Waisraeli wakati wa vita ya Ghuba ya 1991 makombora ya Scud yanaanguka, kazi yake ikatoka 1994. Waliokuwa wanaishi maeneo yanayopigwa walikuwa na fikra za namna hii kuliko waliokuwa mbali, na zaidi wale ambao kwa tabia zao hawavumilii mambo yasiyoeleweka. Hiyo ya mwisho naona ni muhimu, haiwashiki wote sawa.

---

Mwalimu_Taratibu

Hapo sawa. Lakini hiyo haionyeshi kipi kimesababisha kipi, wanaoishi mbali na wanaoishi karibu wanaweza kutofautiana kwa mengine.

Kwa upande wa maisha halisi mi ushahidi ninaouheshimu ni wa zamani zaidi, wa mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski, aliishi na watu wa visiwa vya Trobriand huko Pasifiki miaka ya vita ya kwanza. Wale watu walikuwa na uvuvi wa aina mbili. Kwenye maji ya ndani yaliyotulia, samaki wa uhakika, hakuna hatari, hawafanyi dawa wala uganga wowote wa kuvua. Wakitoka bahari kuu ambako mtu anaweza asirudi na anaweza arudi mtupu, kunakuwa na matambiko mengi. Watu ni walewale, akili ileile, mitumbwi waliijenga kwa ufundi wa hali ya juu na walijua kabisa kwamba ufundi ni ufundi. Uganga walikuwa wanauweka palepale ufundi unapoishia. Hakuna maabara pale, na hakuna aliyekuwa mjinga.

---

Mja_Mwema

Wakuu nimekuwa nasoma kimya. Naona kama mnataka kumwambia huyu ndugu kwamba kila alichokiona ni chengachenga tu. Mimi ni mtu wa imani, mdogo wake kapona, mlitaka ashukuru nasibu? Kuna mambo yana maana hata kama fomula haiyaoni.

---

Hesabu_Ndogo

Ndugu Mja, sijagusa imani ya mtu na sitagusa, kumuomba Mungu kwa ajili ya mgonjwa sio kitu kimoja na kiti. Tofauti ninayoiona mimi ni hii, dua haikumfanya amuinue mama yake. Kiti kilimfanya.

Na kwa wale wanaotaka kujua kama mpangilio wao ni wa kweli kuna njia ambayo haimdhalilishi mtu. Andika mapema. Kabla hujakaa, andika kwenye karatasi, leo nakaa dirishani na natarajia namba itakuwa kadhaa ikifika saa fulani. Afu uandike na siku zilizokataa, hizo ndo zinazopotea. Kumbukumbu inatunza zilizokubali inatupa zilizokataa, na haikuulizi ruhusa.

---

Mja_Mwema

Hiyo ya mama nimeielewa. Sawa.

---

Kimya_Kingi

Mi naomba niseme kitu ambacho kitaleta ugumu kidogo.

Kazini kwetu miaka miwili iliyopita yalikuja mabadiliko, uongozi mpya, hakuna anayetuambia chochote. Tukaanza kusoma alama. Nani kaitwa kikao na nani hajaitwa. Nani barua pepe yake imemalizika na asante na nani haijamalizika na asante. Printa ya ghorofa yetu iliharibika haikutengenezwa, tukasema unaona, wameshatutoa kwenye bajeti. Tulikuwa na kundi la wasapu tunachambua mpaka usiku, na mi ndo nilikuwa mchambuzi mkuu, natuma mpaka picha za magari yaliyopaki nje siku za jumamosi.

Baada ya miezi mitano watu wakapunguzwa kweli. Theluthi ya ofisi. Na mimi nikiwemo.

Sasa niambieni, tulikuwa tunaona yasiyokuwepo? Kitu kilikuwepo! Ila nikikaa nikiangalia vizuri, karibu kila alama moja moja tuliyosoma ilikuwa sio. Aliyenyimwa asante yuko pale mpaka leo. Printa ilikuwa imekosa spea tu. Tulikuwa sahihi kuhusu moshi tukakosea kila tulipoonyesha moto ulipo. Na kibaya kuliko vyote tulimtenga mwenzetu mmoja kwa sababu alionekana mara mbili anacheka na bosi mpya, tukamuita mpelelezi, hakuna aliyekula naye tena. Naye akapunguzwa siku moja na sisi. Alikuwa amebeba boksi lake peke yake kwenye ngazi.

Laiti mtu mmoja angetuambia ukweli, hata kama ni mbaya, hata angesema tu bado hatujaamua tutawaambia mwezi fulani, kundi lile lingekufa siku hiyo hiyo. Watu wanaoshika taarifa wajue, ukiwanyima watu taarifa hawakai na nafasi tupu, wanaijaza.

---

Nesi_wa_Usiku

Kimya hii comment yako ningependa kila daktari aisome. Wanatoka raundi wanasema tutaona tutaona wanaondoka. Mi nikiwa zamu huwa nawaambia ndugu, namba hii itacheza kati ya hapa na hapa usiku kucha, nitawafuata mimi mwenyewe ikishuka chini ya hapa, juu ya hapo msiiangalie. Wanalala.

---

Roho_Juu

Mleta uzi aliuliza kama kuna aliyetoka kabla mambo hayajatulia. Mi nilitoka bado sina kazi, kwahiyo nadhani najibu swali lake.

Sikushindwa na hoja, hoja nilikuwa nazo. Jirani yangu fundi alinipa kibarua cha kupaka rangi siku tatu. Ukuta ukiupaka unakuwa umepakwa, unajua? Haukatai, hausemi umekosa. Ile jioni ya kwanza sikufungua daftari, nilisahau kabisa, nikashtuka kesho yake nikiwa juu ya ngazi kwamba jana sikufungua daftari. Nikaomba siku nyingine, na nyingine. Miezi kama miwili hivi daftari likabaki kabatini.

Sisemi rangi ni dawa ya kila mtu, kuna wenzangu wamezama na wanahitaji msaada wa kitaalamu haswa na sio aibu.

---

Hesabu_Ndogo

Inaendana na kitu kimoja kwenye ule utafiti ambao mwalimu anautilia shaka, na mashaka yake yana haki. Kwenye jaribio lao la mwisho waliwafanya watu wajihisi hawana uwezo, alafu sehemu yao wakapewa nafasi ya kuandika kuhusu kitu wanachokithamini sana maishani, hakihusiani kabisa na fumbo. Hao wakarudi kuona chengachenga kama chengachenga.

Na kuna kazi ya zamani ya David Glass na Jerome Singer, kitabu chao kilitoka 1972, watu wanafanya kazi kwenye makelele makali, kundi moja wamepewa kitufe cha kuyazima wakizidiwa. Wengi hawakukibonyeza. Lakini baadaye wakipewa kazi za kufikiri walivumilia na kufanya vizuri kuliko ambao hawakuwa na kitufe, wakati makelele waliyosikia ni yaleyale.

---

Mwalimu_Taratibu

Ya Glass na Singer naikubali zaidi. Roho_Juu hongera kaka, kwa dhati.

---

Bahari_Tulivu

Wakuu nilipotea siku mbili, niwaeleze kwanini.

Comment ya Kimya ya yule mtu na boksi lake kwenye ngazi ilinifanya nishindwe kulala. Mi swali langu lote nililiuliza kuhusu kichwa changu, kinafanyaje kazi, kimeumbwaje, wakati aliyesimama ukutani alikuwa mama. Jana nikaenda kwake. Nikamwambia mama unakumbuka ile siku nilikwambia uinuke. Akasema anakumbuka. Nikamueleza yote, kiti, namba, lifti, mguu wa kulia, nimeongea kama nusu saa huku sijamtazama usoni.

Alipoona nimemaliza akaniuliza, we ulikuwa hujui kwanini nimevaa mtandio uleule siku zote 19? Nikasema sikuuona hata. Akasema alikuwa anaufua usiku anauanika ndani asubuhi anauvaa hata kama haujakauka vizuri, kwa sababu siku ya kwanza alipouvaa daktari alisema kuna matumaini. Alafu akasema, na pale dirishani nilikaa kwa sababu niliona wewe ukikaa pale mtoto anapata nafuu, nikasema na mimi nijaribu labda ataongezeka.

Wakuu mimi sikuwa na la kusema. Tulikuwa wawili mle ndani kila mtu na hesabu yake na hatukuambiana.

Nimemuomba msamaha. Akasema alishasamehe palepale ukutani, ila akauliza ile siku mashine inatolewa nilikuwa nimekaa wapi, maana yeye alikuwa amelala nyumbani na mtandio uko kwenye beseni. Nikamwambia nilikuwa chini kwenye foleni ya dawa. Kile chumba kilikuwa na viti viwili vitupu.

---

Nesi_wa_Usiku

Kaka, mdogo wako amewahi kuuliza zile siku 19 zilikuwaje? Wengi wanataka kujua na wanaogopa kuuliza. Kaeni na mama muandike mnachokumbuka, na mtandio muuweke humo humo.

---

Bahari_Tulivu

Hajauliza. Jumapili tutakuwa wote, nitanunua daftari.